Kalenda ya Google na Thunderbird: za wenzangu nazipata, nikiandika mimi hawazioni

dada_wa_bukingi

Wakuu habari za mchana, naombeni msaada wenu kwenye hili maana limeshanichosha na hapa ofisini hakuna mtu wa kompyuta wa kumuuliza.

Nipo Arusha, nafanya kazi ofisi ndogo ya utalii upande wa bukingi. Tuna kalenda moja ya Google ya ofisi, mi nimekuja nimeikuta, bosi aliitengeneza yeye na madereva wote wamo. Wao wanatumia simu, wanaandika kwenye ile app ya kalenda mfano "wageni 4 KIA 20:15, Land Cruiser ya kijani, wanalala Moshi" na kila mtu anaona. Mi nashinda mezani na kompyuta, Windows 10, imeili zote za wageni zinaingia kwenye Thunderbird, kwaiyo nikaona bora na kalenda niiweke humo humo ili mgeni akithibitisha tarehe kwa imeili niandike palepale nisiwe nahama hama.

Bosi akaingia kwenye mipangilio ya kalenda akanitumia linki kwa WhatsApp, ndefu hivi inaishia na basic.ics, nikaibandika Thunderbird ikakubali bila shida yoyote. Za madereva na za bosi zote zikaja. Shida ni upande wangu sasa. Nikiandika safari mpya naiona vizuri kabisa kwenye skrini yangu, na rangi yake na kila kitu, lakini kwenye simu za madereva haipo, na bosi akiangalia kwenye laptopu yake haipo. Juzi kati hapa wageni wamekaa uwanja wa ndege karibu lisaa wanasubiri gari kwa sababu dereva hakuona kitu. Bosi anasema sikuandika, nikamwonyesha kwenye skrini ipo, akasema basi niliandika baada ya tukio. Iliniuma sana hiyo.

Kingine hata zile za wenzangu zinachelewa kuja, bosi anabadilisha saa mi naona baadae sana. Na naomba njia isiyokula bando maana intaneti ya hapa ni ya kale karouta ka laini ya simu na tunagawana watu wote.

---

fundi_kipanya

Pole sana dada, hasa kwa hilo la uwanja wa ndege, mgeni hajui mambo ya kalenda yeye anajua gari halijaja. Kabla sijasema kitu nijibu hili. Ukifungua lile dirisha la kuandika safari mpya humo Thunderbird, juu karibu na jina la tukio kuna sehemu ya kuchagua kalenda, ina kamshale. Kwenye hizo safari zako ambazo madereva hawazioni pameandikwa nini hapo?

---

dada_wa_bukingi

Nimeangalia sasa hivi mkuu. Zote pameandikwa Home. Na nikibonyeza kamshale ya ofisi haimo kwenye orodha, ni hiyo Home peke yake.

---

fundi_kipanya

Basi jibu lako lipo hapo hapo, na bosi aelewe kwamba safari uliandika kweli na uliandika kwa wakati. Fungua ile safari iliyoleta shida, uihifadhi nje kama faili la ics halafu ulifungue na Notepad, ndani utakuta mstari umeandikwa CREATED na tarehe na saa mbele yake. Hiyo saa ipo kwa saa ya dunia, ongeza masaa matatu upate ya kwetu. Mwonyeshe.

Home ni kalenda inayokuja na Thunderbird yenyewe, inakaa kwenye diski ya hiyo kompyuta yako na haiendi popote. Na ile ya ofisi haitokei kwenye kuchagua kwa sababu linki ya basic.ics ni ya kutazama tu, kama tangazo lililofungiwa kwenye mbao yenye kioo, unasoma yote ila kalamu haifiki. Sio kwamba kuna mahali ulibonyeza vibaya, hata ungeiweka Outlook au kwenye Mac isingekubali uandike.

Unachotaka wewe kinaitwa CalDAV. Ni utaratibu wa programu ya kalenda kuongea na sava pande zote mbili, kusoma na kuandika, upo tangu 2007, Google wanaukubali na Thunderbird inaujua bila kuongeza kitu. Zamani ilibidi uweke nyongeza mbili, Lightning ya kuleta kalenda yenyewe na nyingine inaitwa Provider for Google Calendar, ndio maana ukitafuta mtandaoni unakuta maelekezo ya miaka hiyo yanakuzungusha hadi unachoka. Lightning imeshaingizwa ndani ya programu tangu toleo la 78 la mwaka 2020, hiyo sahau. Provider wapo wanaoitumia mpaka leo ila kwa shughuli yako huihitaji.

Sasa fanya hivi, ila kwanza usifute kitu chochote na hasa Home usiiguse maana ndo zilipo safari zako.

Ingia upande wa kalenda, kushoto chini ya orodha ya kalenda kuna "New Calendar". Bonyeza, itakuuliza iwe ya kwenye kompyuta au ya mtandao, chagua ya mtandao. Zinakuja sehemu mbili za kujaza. Ya kwanza jina la mtumiaji, weka imeili yako ya Google. Ya pili ni anwani, kama imeili yako ni ya gmail.com iache wazi. Bonyeza itafute kalenda, litafunguka dirisha la Google la kuingia kwenye akaunti, unaweka paswedi humo, kama una uthibitisho wa hatua mbili unakubali kwenye simu, halafu linakuuliza unairuhusu Thunderbird ione na ibadilishe kalenda zako, ruhusu. Ikimaliza inaleta orodha ya kalenda zako zenye viboksi, tiki ya ofisi, ambazo huzitaki toa tiki, kubali. Imeisha.

Ile ya zamani ya basic.ics iondoe, ukiziacha zote mbili kila safari utaiona mara mbili na siku ya haraka utabonyeza ile isiyoandikika ukaanza kulalamika upya. Safari zilizopo Home kama ni chache ifungue moja moja, pale penye kamshale sasa ya ofisi itakuwepo, badilisha kutoka Home kwenda ya ofisi, hifadhi. Kama ni nyingi bonyeza Home kwa kitufe cha kulia cha mausi, itoe yote kama faili la ics, halafu uliingize faili hilo kwenye kalenda ya ofisi. Ila kabla ya kuingiza pitia kwa macho kwanza, kama kuna ambazo dereva alikuja kuziandika mwenyewe kwenye simu zitakuwa mbili mbili na kuzifuta ni kazi.

Ukishahamisha, Home izime kabisa kwenye sifa zake ili usiandike humo tena kwa bahati mbaya. Thunderbird inaweka tukio jipya kwenye kalenda uliyoichagua kwenye orodha ya kushoto, kwaiyo ukibakiza ya ofisi peke yake hakuna pa kupotelea.

Kuhusu bando uko salama. Njia ya ics kila ikisasisha inavuta faili zima kuanzia safari ya kwanza kuandikwa mpaka ya mwisho hata kama kilichobadilika ni saa moja ya mgeni mmoja. CalDAV ikishavuta mara ya kwanza, baadae inamuuliza sava tu "nini kimebadilika tangu mara ya mwisho" na inachukua hicho hicho. Kwenye sifa za kalenda kuna muda wa kusasisha, yenyewe inakuja dakika 30, ndio sababu nyingine ulikuwa unaona zinachelewa, weka 5. Na hakikisha kile kiboksi cha kutumika bila mtandao kina tiki, ili bando likikata uendelee kuiona kalenda.

---

dada_wa_bukingi

Mkuu Mungu akubariki. Bosi nimemwonyesha hiyo CREATED, amesoma mwenyewe, ameelewa na ameniomba radhi mbele ya madereva.

Ila nimekwama sehemu mbili. Mara ya kwanza dirisha la Google lilifunguka nikaweka imeili nikabonyeza endelea likawa linarudi pale pale kwenye imeili, likizunguka tu. Nikazima nikawasha kompyuta, nikaingia kwa kompyuta ya mwenzangu kwa akaunti yangu ikakubali, orodha ikaja lakini ina kalenda yangu binafsi tu, ya ofisi haimo. Na ya kwangu bado inazunguka.

---

mzee_wa_ubuntu

Mwanangu hilo la kuzunguka ni kuki. Mtu aliyekuwekea Thunderbird, au wewe au nyongeza fulani, amezima kupokea kuki, na bila hizo Google hawawezi kukumbuka kwamba umeshaweka imeili, kwaiyo wanakuuliza tena na tena. Dirisha lile linaonekana kama la brauza lakini ni la Thunderbird yenyewe, kuki za Chrome yako hazihusiki hapo. Ingia mipangilio ya Thunderbird, sehemu ya faragha na usalama, upande wa maudhui ya mtandao kuna kiboksi cha kukubali kuki kutoka kwenye tovuti, weka tiki, funga programu, fungua, jaribu tena.

La pili halihusu kompyuta. Ulisema bosi alikutumia linki, basi kuna uwezekano mkubwa akaunti yako haijawahi kuongezwa kwenye ile kalenda. Linki ya ics haikuulizi wewe ni nani, aliyenayo anasoma. CalDAV inaingia kwa jina lako na inaona kile ambacho jina lako limeruhusiwa. Bosi afungue kalenda kwenye brauza ya kompyuta, kwenye app ya simu hatapaona pa kugawa vizuri, aende kwenye mipangilio ya kalenda ile ya ofisi, ashuke mpaka sehemu ya kushirikisha watu, aongeze imeili yako. Hapo kuna ngazi nne: kuona tu kama mtu ana nafasi au hana, kuona maelezo yote, kubadilisha matukio, na ya juu kabisa kubadilisha pamoja na kusimamia nani ashirikishwe. Wewe unahitaji ya tatu. Akikupa ya pili utarudi hapa kulalamika kwamba inaonekana ila haiandikiki. Ya nne abaki nayo yeye.

Utapata imeili yenye linki ya kuiongeza, ibonyeze uikubali, halafu rudi Thunderbird utafute kalenda upya. Ikigoma bado kuonekana kwenye orodha kuna njia ya kuiita kwa jina. Kwenye mipangilio ya kalenda hiyo, sehemu ya kuunganisha, kuna kitambulisho cha kalenda, kinaishia na @group.calendar.google.com. Kichukue, halafu kwenye ile sehemu ya anwani uliyoiacha wazi andika:

https://apidata.googleusercontent.com/caldav/v2/KITAMBULISHO/events

pale palipoandikwa KITAMBULISHO bandika hicho ulichokopi. Hiyo ndiyo anwani rasmi ya kalenda moja moja, inafanya kazi hata kwa wenye imeili ya ofisi yenye jina lao wenyewe, sio gmail.com.

Mimi mwenyewe natumia Ubuntu, akaunti ya Google nimeiweka kwenye mipangilio ya mfumo kwenye akaunti za mtandaoni, kalenda ya mfumo na Evolution zote zinachukua humo humo. Lakini kwa mtu anayeishi ndani ya imeili kama wewe Thunderbird ni chaguo zuri.

---

baraka_wa_akaunti

Naomba niingilie kidogo wakuu samahani mwenye uzi. Sisi ofisini ni Outlook, hatuwezi kuhama maana uhasibu wote upo humo, nami nataka hiki hiki, kalenda ya Google iandikike kutoka Outlook. Nimeona sehemu wanasema kuna programu ya Google yenyewe inaitwa Google Calendar Sync, nimeitafuta siipati popote, na nilipopata kwenye tovuti moja ya ajabu ajabu antivirasi ikapiga kelele.

---

fundi_kipanya

Baraka hiyo usiishushe tena popote. Google walisimamisha kuwapa watu wapya tangu mwisho wa 2012 na wakaizima kabisa tarehe 1 Agosti 2014, kwaiyo yeyote anayekupa leo anakupa kitu kingine chenye jina hilo. Kama antivirasi ilipiga kelele na wewe ulikuwa umeshalifungua lile faili, fanya ukaguzi kamili wa mashine leo hii, usisubiri, hasa kama ni mashine yenye mambo ya uhasibu na benki.

Sasa inategemea una Outlook ipi. Ile ya kawaida ya siku zote inayokuja na Office haijui CalDAV. Ukiipa linki ya ics itaifungua lakini ya kusoma tu, yale yale ya dada. Ukitaka kuandika kuna nyongeza ya bure na ya wazi inaitwa Outlook CalDav Synchronizer, imetengenezwa na watu wa Austria, unaweka wasifu wa Google ndani yake unachagua kalenda na mwelekeo wa kusinki, pande zote au upande mmoja. Hapo kwenye mwelekeo tulia usome, maana kuna chaguo linalosema upande mmoja uufute mwingine na ufanane nao, ukibonyeza hilo bila kusoma utafagia kalenda ya ofisi nzima. Kabla ya kuigusa toa nakala ya kalenda zote mbili.

Kama ofisi yenu inalipia Google Workspace basi kuna chombo cha Google wenyewe cha kusinki na Outlook, ila hicho ni kwa akaunti za kulipia tu, gmail ya bure haimo.

Na kama kompyuta imeshakuletea Outlook mpya, ile iliyokuja kuchukua nafasi ya Mail na Calendar za Windows ambazo muda wake uliisha 31 Desemba 2024, hiyo nyongeza haifanyi kazi humo kwa sababu Outlook mpya haipokei nyongeza za mtindo ule. Yenyewe inakubali uongeze akaunti ya Google moja kwa moja na kalenda zikaja. Ila jua kwamba kwenye hiyo mpya imeili na kalenda zako zinapitia kwanza kwenye sava za Microsoft, haziendi moja kwa moja kutoka Google mpaka kwenye mashine yako. Wengine hawajali, mimi kwa ofisi ya uhasibu ningemuuliza kwanza mwenye ofisi.

---

mwana_wa_kisauni

Salaam aleikum nyote. Mie niko Mombasa, kazi yangu ni hoteli na mambo haya ya kalenda ndiyo kula yangu kila siku. Nataka niongeze jambo ambalo sijaona mtu kaligusa na kwa dada wa safari ndilo litakalomsumbua baada ya kumaliza haya, nalo ni saa.

Kompyuta nyingi zetu hizi zilizotumika kutoka ng'ambo, mtu akiweka Windows upya hubaki na saa za kanda ya Pasifiki, kule California. Fundi akiona saa si sawa huivuta kwa mkono mpaka isome kama ya ukutani, hapo mwenye mashine huridhika kwa sababu kwenye kona ya skrini saa ni sawa. Lakini kanda bado ni ile ile ya California. Ikiwa hivyo kalenda haitakuonyesha sawa hata siku moja, kwa sababu sava haihifadhi "saa mbili asubuhi", yahifadhi wakati wa dunia na kila mashine yageuza kwa kanda yake. Mfano dereva kaandika kwenye simu kuchukua wageni saa 2 asubuhi, yaani 8:00, sava imeiweka 5:00 ya dunia, mashine yako iliyoko kanda ya Pasifiki mwezi wa Julai itakuonyesha saa 4 usiku wa jana yake. Mwezi wa Januari itakuwa saa 3 usiku maana wao huko hubadilisha saa. Watu huona hivi wakadhani ni kusinki kumeharibika, wakafuta kalenda wakaweka upya, ikaja vile vile.

Nenda kwenye mipangilio ya saa ya Windows, chagua kanda iliyoandikwa Nairobi, ya kujumlisha masaa 3, kisha iache ijipange yenyewe kutoka mtandaoni, usiivute kwa mkono tena. Dar na Nairobi ni mamoja hapo. Kisha fungua mipangilio ya kalenda ndani ya Thunderbird uhakikishe nayo yasoma kanda hiyo hiyo. Saa ya mashine ikiwa imepotea masaa mengi hata kuingia kwenye akaunti ya Google huweza kukataa, kwa hivyo hili litazame kwanza kabla ya mengine.

Na mukiwa na mawakala Ulaya, mkutano ukiwekwa kwa kanda ya Amsterdam saa 10:00, wakati wa kiangazi chao kwetu ni saa 5 asubuhi na wakati wa baridi ni saa 6 mchana. Wao hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Kalenda yako itausogeza mkutano na itakuwa imefanya sawasawa, usiurudishe kwa mkono maana ukiurudisha umewahamishia na wao.

La mwisho kwa madereva. Waambie wote waweke simu zionyeshe saa kwa mtindo wa 24, na saa yetu ya asubuhi na mchana waijumlishie sita, saa 3 asubuhi ni 9:00. Kwetu alikuwako kijana akiandika 3:00 kama alivyosikia kwa mdomo, kengele ikamlilia usiku wa manane na asubuhi ikabaki kimya.

---

dada_wa_bukingi

Kaka wa Mombasa umenisaidia kuliko unavyojua, nimeenda kuangalia kanda ya saa na kweli imeandikwa Pacific, na hii kompyuta ilinunuliwa ya mtumba. Nimebadilisha.

Kuki nimewasha, dirisha likapita mara moja. Bosi amenipa ruhusa ya kubadilisha matukio, kalenda ya ofisi imetokea kwenye orodha nimeitiki. Nimeandika safari ya majaribio "JARIBIO msijibu", nikampigia dereva aliyeko Karatu nikamwambia afungue kalenda, akanisomea maneno yote na saa ni ile ile niliyoandika. Nimehamisha zote zilizokuwa Home moja moja, kuna mbili zilikuwa zimerudiwa nimezifuta, Home nimeizima.

Sasa ile linki ya zamani ya basic.ics nimeiondoa kwangu, kuna haja ya kufanya kitu kingine nayo?

---

mzee_wa_ubuntu

Ipo tena kubwa, na hapa nakuomba umpelekee bosi hili leo leo. Kuiondoa kwako hakuizimi. Ile ni anwani ya siri, siri yake ni kwamba hakuna anayeijua, ikishapita WhatsApp ipo kwenye simu yako, ya bosi, kwenye nakala za hifadhi, na kwa yeyote aliyefowadiwa. Aliyenayo hahitaji paswedi. Anaona majina ya wageni, ndege wanayokuja nayo, hoteli wanayolala, siku ambayo gari lipo barabarani na siku ambayo lipo gereji. Wageni wenu wamewaamini na hizo habari.

Bosi aingie mipangilio ya kalenda hiyo, kwenye sehemu ya kuunganisha pale penye anwani ya siri kuna kitufe cha kuiweka upya. Akibonyeza linki ya zamani inakufa pale pale na inazaliwa mpya, na mpya asimtumie mtu. Kila mtu aingie kwa akaunti yake. Hii ina faida nyingine, dereva akiacha kazi mnamtoa kwenye orodha ya walioshirikishwa na imeisha, hamna haja ya kubadilisha chochote kwa wengine.

Na aangalie pia palepale juu kwenye ruhusa za kufikia kama kuna tiki ya kuifanya kalenda iwe ya watu wote. Nimeshakuta ofisi wameiweka hiyo wakidhani "watu wote" maana yake ni watu wote wa ofisini.

---

dada_wa_bukingi

Nimemwita bosi hapa, tumebonyeza pamoja, imewekwa upya. Ya watu wote haikuwa na tiki, tumeshukuru.

Swali la mwisho jamani halafu nawaacha mpumzike. Bosi ana zile kazi ndogo ndogo za kutiki kwenye simu yake, "lipia kibali cha hifadhi", "piga simu hoteli", zinaonekana kwenye kalenda ya simu siku husika, kwangu Thunderbird hazipo ingawa mengine yote yapo. Nimekosea wapi?

---

fundi_kipanya

Hujakosea popote. Hizo ni Google Tasks, sio matukio ya kalenda ingawa kwenye simu zinachorwa pamoja, na CalDAV ya Google haipitishi kazi za namna hiyo, inapitisha matukio tu. Hapo ndipo ile nyongeza ya Provider for Google Calendar niliyosema huihitaji inapata kazi, yenyewe inazileta. Lakini kwa ofisi yenu ningemshauri bosi vya kulipia vibali na hoteli aviandike kama tukio la siku nzima kwenye kalenda ya ofisi, kwa sababu Tasks zake ni zake peke yake, hata madereva kwenye simu zao hawazioni, na kibali kisipolipwa wote mnakwama getini.